Simbilisi mgeni na mwenyeji hawapatani: chanzo kiko wapi?

Mwenyeji ananguruma na kutikisa kiuno. Mgeni anapiga ukelele mwembamba unaochoma masikio. Kishungi cha manyoya kinabaki sakafuni, na papo hapo mkono wa mtu unaingia katikati na kumnyanyua mmoja wao. Kesho wanakutanishwa tena, yanatokea yale yale, wanatenganishwa. Ikifika mara ya nne, mwenye wanyama anakata tamaa na kusema hawapatani.

Nilifanya hivyo hivyo na jike wangu mkubwa aliyekuwa amefiwa na mwenzake. Siku tatu mfululizo nilimkutanisha na mgeni mdogo, kisha nikawatenganisha. Siku ya nne nilikaa sakafuni, mikono nikaikalia, nikaangalia tu. Walikimbizana kwa dakika 40 hivi. Kisha mkubwa akajilaza, miguu ya nyuma akainyoosha upande mmoja, na mdogo akaja kutafuna nyasi kavu hatua moja kutoka kwenye pua yake. Mimi ndiye niliyekuwa nawachelewesha. Kila nilipowatenganisha niliwakatiza katikati ya shughuli ya kupanga nani mkubwa, na kila waliporudi ilibidi waianze upya.

Simbilisi ni mnyama wa kundi. Nchini Uswisi kanuni za ulinzi wa wanyama zilizoanza kutumika mwaka 2008 zinataka wafugwe angalau wawili. Kwa hiyo wakigoma kukaa pamoja, usianze kwa kulaumu tabia. Tafuta kwanza kwenye jinsia, ugonjwa na mahali wanapokutania. Na unapowatazama, amini macho kuliko masikio, kwa sababu simbilisi ana kelele nyingi hata katika mambo madogo.

Kabla hujasoma dalili yoyote

Hakikisha jinsia kwa macho yako mwenyewe, hata kama aliyekupa mnyama ameapa. Mtu mmoja amshike vizuri kifuani na makalioni, mwingine akandamize kwa upole tumboni, juu kidogo ya sehemu za siri. Kwa dume uume utatokeza, na ukipapasa hapo utausikia kama kijiti chini ya ngozi. Kwa jike utaona mkunjo wenye umbo la herufi Y. Usipime umbali kati ya sehemu za siri na mkundu kama wanavyofanya kwa panya, kwa simbilisi kipimo hicho kinadanganya.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa lake halirekebishiki kwa subira. Watoto wa kiume hutengwa na mama na dada zao wakifikisha wiki 3, maana wanakaribia uwezo wa kutungisha mimba. Mimba yenyewe huchukua siku 59 hadi 72, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Jike aliyevuka umri wa miezi 6 au 7 bila kuzaa, kiungo cha mbele cha nyonga yake huwa kimekaza, na uzazi wa kwanza baada ya hapo unaweza kumuua. Dume aliyehasiwa naye hukaa mbali na majike kwa wiki 6, kwa kuwa mbegu zilizobaki bado zina nguvu.

Pili, karantini. Mgeni akae chumba kingine kwa wiki 2 hadi 3. Mhudumie mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, kisha nawa mikono. Angalia chafya, ukoko puani, macho yanayotoa ute. Angalia mabaka yasiyo na nywele usoni na masikioni, maana hayo mara nyingi ni fangasi, na fangasi hao humwambukiza mtu pia. Angalia kujikuna. Utitiri wa simbilisi huwasha kiasi kwamba mnyama anaweza kupata degedege akiguswa mgongoni. Mnyama wa namna hiyo akisogelewa na mwenzake lazima atauma, na utadhani ana roho mbaya kumbe anaumia. Siku hizo za kusubiri zitumie kubadilishana vitambaa vya kulalia, harufu zizoeleke.

Tatu, mpime kila mmoja kwa mizani ya jikoni na uandike. Bila namba ya kuanzia, huko mbele hutajua kama anakonda.

Kelele nyingi, kukimbizana, kupandana

Hii ndiyo dalili inayowatisha wengi, na karibu kila mara ni salama. Anayenguruma huku akitembea polepole na kuyumbisha makalio anajitangaza. Anayekokota makalio sakafuni anaacha harufu yake. Kunusana nyuma ni kusomana. Kupandana hufanywa na madume kwa madume na majike kwa majike, na hapo hakuna habari ya uzazi, ni cheo tu. Jike akichoka atarusha mkojo nyuma moja kwa moja usoni mwa anayemfuata, na ujumbe huo hufika.

Ukelele wa mgeni ndio hasa unaomfanya mtu anyanyuke. Mara nyingi anayepiga ukelele hajaumizwa. Anasema "basi, wewe mkubwa", na anausema hata kabla hajaguswa. Mtazame mkimbizaji anapousikia: akipunguza mwendo au akageuka kwenda kula, mazungumzo yamekwenda vizuri. Kishungi cha manyoya kilichong'olewa nacho si jeraha. Pekua ngozi baadaye, ikiwa haina tundu, endelea.

Unachotakiwa kufanya hapa ni kukaa. Saa 2 ni kidogo, mimi hutenga siku nzima ambayo sina pa kwenda. Ingilia pale tu mmoja anapompanda mwenzake upande wa kichwa, kwa kuwa aliye chini anaweza kuuma sehemu za siri za aliye juu. Msogeze kwa kipande cha kadibodi, kisha ondoa mkono.

Kama anayesumbua ni jike na amekuwa hivyo ghafla, huenda yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Mzunguko wake ni wa siku 16 hivi na joto lenyewe halimalizi siku. Kesho yake atakuwa mtu mwingine.

Jambo moja linanifanya nisitulie hata wakiwa hawajaumizana: anayekimbizwa akijisalimisha, akatulia pembeni, na bado mwenzake haachi. Anamfuata kona hadi kona kwa saa nyingi, mpaka anayekimbizwa hali, hanywi, hapumziki. Huo si upangaji wa cheo tena. Wape mapumziko ya siku kadhaa, wakae jirani huku wavu ukiwatenga.

Meno yanagongana, manyoya yamesimama

Hapa ndipo pa kukaza macho. Sauti ya meno ni kama kete zinazotikiswa ndani ya kopo: taratibu kwanza, halafu haraka haraka. Manyoya ya shingo na mgongo yanainuka na mnyama anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Anapiga miayo mirefu, meno yote nje. Usidhani ana usingizi, anaonyesha silaha.

Halafu huja kipimo cha vichwa. Wanasimama pua kwa pua, miguu imekakamaa. Mmoja anainua kidevu kidogo. Mwenzake anainua chake kidogo zaidi. Wanapanda hivyo kidole kwa kidole mpaka shingo zao zimenyooka kama wanaochungulia juu ya ukuta. Ikiwa mmoja atashusha kichwa, hata kwa nukta moja, na kugeuza uso pembeni, jambo limeisha na utawaona wanarudi kula. Wote wawili wakigoma kushusha, meno yakaongeza kasi na miguu ikaanza kukanyaga papo hapo, una sekunde chache.

Usipige kelele, usiwashike. Tupa konzi ya nyasi kavu katikati yao, au chakarisha mfuko wa mboga wanaoujua, au pitisha kadibodi kati ya nyuso zao. Wakikatiza macho tu, joto hushuka. Ikijirudia mara mbili tatu kisha ikapungua, endeleeni. Ikizidi kila mara, funga kikao kabla hawajarukiana, na ujaribu siku nyingine kwenye nafasi kubwa zaidi.

Wamerukiana

Mapigano ya kweli hayana nafasi ya kukosea kuyatambua. Wote wawili wanaruka kwa mpigo, wanashikana na kuviringika kama mpira mmoja, na mara nyingi hakuna ukelele kabisa.

Usiingize mkono mtupu. Meno yao yanazama hadi mfupa wa kidole, na aliyeuma hakukusudia wewe. Watupie taulo nene, au sukuma kizoleo kati yao. Vitu hivyo viwe karibu tangu mwanzo, vikiwa chumba cha pili havina msaada.

Kisha wakague mmoja mmoja: midomo, masikio, mgongo, makalio. Mchubuko wa juujuu unaosafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi hupona wenyewe. Tundu dogo lenye kina ndilo baya, maana ngozi hufunga juu na usaha ukabaki ndani, na siku chache baadaye unapapasa na kukuta jipu. Hilo ni la daktari wa mifugo. Na tafadhali, usimpe dawa ya antibayotiki iliyobaki nyumbani. Penisilini na ndugu zake, amoksilini ikiwemo, zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na zinaweza kumuua mnyama aliyekuwa na jeraha dogo tu.

Baada ya damu, watenge kwa wavu unaoruhusu kuonana na kunusana, nafasi kati ya matundu isipitishe pua nzima. Jeraha lipone, wiki moja au mbili zipite, ndipo mjaribu tena mahali pengine. Mdomo uliochanika kidogo kwa kugongana si hukumu. Lakini wakirukiana na kutoboana mara ya pili, mimi huishia hapo.

Uwanjani shwari, kizimbani vita

Malalamiko haya ni mengi, na yananifurahisha kuyasikia kwa sababu yanaponeka. Kama walilala karibu karibu uwanjani, yaani mahali pa kuwakutanishia nje ya kizimba, hawachukiani. Tatizo ni nyumba.

Anza na ukubwa. Wawili wanahitaji sakafu isiyopungua mita za mraba 0.7, na madume wawili wapewe mita 1 ya mraba au zaidi. Hesabu sakafu moja iliyonyooka. Ghorofa zenye ngazi hazihesabiki, kwani mnyama anayekimbizwa hakimbilii juu, anahitaji mzunguko wa kupita na kurudi.

Kisha tazama vibanda vya kujificha. Pata picha hii: mgeni ameingia kwenye kibanda chenye mlango mmoja, mwenyeji amemfuata, na mwili wake umejaa mlangoni kama kizibo kwenye chupa. Mgeni hana pa kutokea. Amekuwa akikubali kushindwa siku nzima kwa kukimbia, na sasa njia hiyo imezibwa, kwa hiyo anageuka na kuuma. Nimeona wawili waliotulia kabisa baada ya kibanda hicho kutobolewa mlango wa pili. Kila kibanda kiwe na milango miwili, au kiwe paa tu lililo wazi pande zote.

Vitu vingine viwe viwili viwili na viwe mbali: chupa mbili za maji, marundo mawili ya nyasi, bakuli mbili. Zikiwekwa pamoja, mkubwa mmoja atazilinda zote bila kusogea.

Halafu harufu. Kizimba alichokaa mwenyeji peke yake kwa miezi ni chake kila sentimita. Kabla hujawarudisha, kioshe kwa siki iliyochanganywa na maji, badilisha matandiko yote, geuza mpangilio ili hata mwenyeji aingie kama mgeni. Wahamishe wote wawili kwa wakati mmoja kutoka uwanjani. Usitangulize mmoja, wala usiwalaze tofauti usiku ule ukitegemea kumalizia kesho.

Na kuwaogesha ili wanukie sawa? Sikushauri. Maji yanawaogofya na kuwapoza, na unakutanisha wanyama wawili ambao tayari wana hofu.

Uwanja nao uwe sahihi. Sehemu ambayo mwenyeji hajawahi kukojoa, pana ya kutosha kukimbia, chini pametandikwa kitu kisichoteleza, rundo kubwa la nyasi kavu katikati, mboga zimetawanywa. Vibanda usiweke kabisa siku hiyo.

Mgeni hatoki, hali vizuri, anapungua

Hili huja kimya kimya na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mapigano. Hakuna kelele, hakuna damu, kila mtu anafikiri wamezoeana. Mizani ndiyo inayosema kweli. Mpime kila siku kwa wiki 2 za mwanzo, saa ile ile. Simbilisi mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200, na tofauti ya gramu 20 au 30 kati ya siku na siku ni ya kawaida, ni tumbo na kibofu tu. Ikipungua siku baada ya siku, tafuta sababu. Upungufu ukifika asilimia 10 ya uzito wake, mpeleke kwa daktari. Akiwa hajala kabisa kwa nusu siku, usisubiri mizani, utumbo wake haukuumbwa kusimama.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni chakula kinacholindwa. Keti pembeni wakati wa mboga bila kusema neno. Kama mkubwa anamnyang'anya kilichomo mdomoni, hilo linavumilika, atachukua kingine. Kama mgeni hasogei kabisa mpaka mkubwa alale, mtawanyie mboga sehemu sita saba na uongeze rundo la nyasi upande anaokaa yeye.

Kuna madhara mengine ya kunyimwa mboga yasiyoonekana upesi. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kama wetu sisi. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku, na anayenyimwa mboga kwa wiki kadhaa huanza kuchechemea, manyoya kufifia, fizi kuvuja damu. Mtu akimwona amejikunyata husema anamwogopa mwenzake, kumbe viungo vinamuuma. Kipande cha pilipili hoho mkononi mwako, mara moja kwa siku, kinatosha kukuhakikishia kwamba amepata.

Ikiwa chakula kipo, hazuiwi, na bado anapungua, acha kumlaumu mwenyeji. Meno na magonjwa ya kifua hujificha nyuma ya "mgeni bado ana aibu".

Mgeni ni mtoto na haachi kumng'ang'ania mkubwa

Muache. Watoto hujipenyeza chini ya tumbo la mkubwa, hata la dume, na mkubwa hulalamika, husogea, kisha huzoea. Hii ndiyo sababu dume mzima na dume mchanga huanza vizuri. Tengeneza sehemu moja ambayo mkubwa anaweza kupumzikia bila kufuatwa, basi.

Walizoeana kwa miezi, ghafla wamebadilika

Kwa madume, hesabu umri. Kati ya miezi 3 na 14 hivi homoni hupanda, na yule mtoto aliyekuwa akifuata nyuma sasa anataka cheo. Vurugu za kipindi hiki hupita ikiwa nafasi ni kubwa na hakuna harufu ya jike nyumbani. Jike akiwepo, hata chumba cha pili, ukambeba kisha ukawashika wao bila kubadilisha nguo, umewasha moto. Dume wa tatu pia huvuruga wawili waliokuwa shwari, sijawahi kumshauri mtu aongeze.

Kwa jike mtu mzima anayepanda wenzake kila siku, si siku moja tu ya joto, na manyoya ya mbavuni yanakatika pande zote mbili kwa usawa, fikiria uvimbe wa maji kwenye ovari. Ni tatizo la kawaida kwa majike wenye umri mkubwa na daktari anaweza kulitibu. Utapanga na kupangua kizimba bila mafanikio ikiwa chanzo kiko tumboni.

Na ugomvi ukianza siku mmoja aliporudi kutoka kutibiwa, ni harufu. Wakutanishe upya uwanjani kama wageni. Kwa kawaida huwachukua muda mfupi kukumbukana, na ndiyo maana mara nyingi ni vyema kumpeleka mwenzake pia, wakae sanduku moja njia nzima.

Ikishindikana kabisa

Wapo wawili ambao hata ufanye nini hawatakaa pamoja, hasa madume wazima wawili ambao kila mmoja anataka kuwa juu. Usiwalazimishe, na usimrudishe mmoja kwenye upweke. Gawa kizimba kwa wavu, kila mmoja awe na sakafu yake kamili, nyasi na maji yake, na uweke marundo ya nyasi pande zote mbili za wavu, yakitazamana. Watakula ubavu kwa ubavu, wataitana, watalala wakiwa wamegemea wavu ule ule.

Njia nyingine ni kumhasi dume na kumtafutia jike baada ya zile wiki 6. Dume aliyehasiwa pamoja na jike mmoja au zaidi ndio mchanganyiko uliotulia kuliko yote niliyowahi kufuga. Siku ya kuwakutanisha, usisahau taulo na kizoleo, hata hao.